Tommy Phillips: Dogo wa ‘Njia ya Panya’ aliyewafunga vigogo kwao

CHUKUA timu ya madogo wa Lumuma, kule bonde la vitunguu, wilayani Kilosa. Si timu ya kuunga unga. Ni vijana waliokulia mtaa mmoja, wakasoma shule moja, wakacheza pamoja toka wakiwa peku. Wakubwa wao wana timu yao, siku moja wanawaita madogo wapige nao mechi ya kujifurahisha, madogo wanashinda. Miaka inapita, madogo hao wanateremka mpaka kwenye reli, wanapanda treni kwenda Dar es Salaam, wanamkuta bingwa wa nchi kwenye uwanja wake mwenyewe, wanamfunga mara mbili ndani ya siku tano na kurudi na kombe.

Utasema hiyo ni stori ya kijiweni. Kwetu hapa tuliowahi kusogelea hapo ni Tukuyu Stars, waliopanda Ligi Kuu na kubeba ubingwa mwaka 1986, na Mtibwa Sugar ya Turiani, waliochukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Hata hao walicheza ligi nzima, nyumbani na ugenini. Timu ya madogo wa mji mdogo kumfuata bingwa kwake na kumnyang’anya kombe, hiyo ni nyingine.

Lakini ilitokea. Ilitokea Canada, Januari 1907, katika mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye televisheni tu, mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Mji uliitwa Kenora. Nahodha wa vijana wale aliitwa Tommy Phillips, na mpaka leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, hakuna mji mdogo kuliko Kenora uliowahi kubeba lile kombe.

Najua kuna msomaji anauliza barafu inatuhusu nini sisi watu wa jua kali. Majirani zetu Kenya walishaacha kuuliza. Pale Nairobi, kwenye hoteli ya Panari, kuna kiwanja cha barafu na kuna timu inaitwa Ice Lions. Mwaka 2018 vijana wale walipelekwa Toronto, wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby, ambaye kwenye mchezo huo ni kama kusema umecheza na Messi. Kwa hiyo si mambo ya mbali sana. Na kisa cha Phillips, ukiondoa barafu, ni kisa cha soka letu kabisa: madogo, usajili, mamluki, rufaa, na mkwanja.

Mji ulioitwa panya

Phillips alizaliwa Mei 22, 1883. Mji wake wakati huo haukuitwa Kenora. Uliitwa Rat Portage, jina ambalo kwa Kiswahili cha mtaani ungeweza kulitafsiri Njia ya Panya bila kukosea sana. Panya wenyewe ni wale wa majini, wenye manyoya ya thamani, na njia ni pale ambapo watu waliteremka kwenye mitumbwi na kuibeba begani kutoka maji haya hadi maji yale. Upo magharibi ya jimbo la Ontario, kando ya ziwa kubwa lenye visiwa vingi, Lake of the Woods, karibu na mpaka wa Manitoba.

Ulikuwa mji wa mbao, wa dhahabu kidogo, na wa reli. Mtu wa Kilosa ataelewa haraka: ilipopita reli ndipo watu walipokusanyika. Baba yake Phillips alikuwa Mskochi, mama yake Mkanada wa asili ya Kifaransa. Idadi ya wakazi wakati kombe linachukuliwa inatajwa kuwa kama 4,000. Ukiwapeleka wote uwanja wa Benjamin Mkapa, kuanzia kikongwe hadi mtoto mchanga, hawajazi hata kona moja.

Mwaka 1905 mji ulibadili jina. Walichukua herufi mbili mbili za mwanzo za sehemu tatu zilizokaa jirani, Keewatin, Norman na Rat Portage, ikapatikana Kenora. Inasimuliwa kwamba wenye kinu cha unga ndio walioshinikiza, kwa sababu hakuna mama anayetaka kununua mfuko wa unga ulioandikwa neno panya. Kweli au utani, ina mantiki.

Timu ya mji ilianzishwa mwaka 1894 na ikaitwa Thistles, jina la ua lenye miiba ambalo ndilo alama ya Scotland. Kwa sisi tuliowahi kukanyaga mbaruti porini tukiwa peku, picha inatosha.

Nyuma ya timu ya wakubwa ikaundwa timu ya madogo, vijana wa shule. Humo ndani alikuwamo Phillips. Walikuwamo pia Tom Hooper, Billy McGimsie na Si Griffis. Hawa wanne wakae kichwani mwako, kwa sababu wote waliishia kwenye Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Wachezaji wanne kutoka timu moja ya watoto, mji mmoja wa watu 4,000. Kuna nchi nzima hazijawahi kutoa hiyo.

Madogo walipocheza na wakubwa wao, madogo wakashinda. Viongozi wa klabu hawakununa. Waliwapandisha wale vijana timu ya wakubwa wakiwa pamoja, wakaacha wakue hivyo hivyo. Hapo ndipo kombe la 1907 lilipopatikana kwa mtazamo wangu, si Montreal. Klabu ngapi zina kikosi kizuri cha vijana, halafu wanatawanywa mmoja mmoja kwa mkopo mpaka wanasahauliana majina?

Mchezo ulivyokuwa

Kidogo tueleweshane. Enzi zile walicheza watu saba kila upande: kipa, mabeki wawili, mmoja wa kuzurura uwanja mzima, na washambuliaji watatu. Hakuna mpira wa kuviringika, kuna kisahani cha mpira mgumu kinachosukumwa kwa gongo. Vipindi viwili vya dakika 30. Hakuna kubadilishana wachezaji kila dakika kama leo, ukianza unamaliza. Na kama ilivyo raga, hukuruhusiwa kupiga pasi ya mbele.

Kwa sheria hiyo timu nyingi zilicheza kwa nguvu. Beki akipata kisahani anabutua mbali, mchezo unaanza upya. Thistles wakaja na jambo lingine. Walikuwa na mbio zisizo za kawaida, na mabeki wao hawakubutua, waliondoka nacho. Griffis, mtu wa umbo kubwa, alikuwa na kasi iliyowashangaza watu wa mashariki ya Canada. Leo tunaona kawaida beki wa pembeni akipanda hadi kwenye kona ya adui. Miaka ile ilionekana ni wazimu.

Phillips alicheza winga wa kushoto. Alikuwa na mbio, alikuwa na shuti, lakini kilichowafanya watu wamtaje kwenye sentensi moja na wakali wa zama zake ni kurudi kukaba. Mawinga wa namna hiyo kila kocha anawatafuta hata leo: anayekufungia, na akipoteza mpira unamkuta amesharudi anambana aliyemnyang’anya.

Dogo aondoka

Mwaka 1902 Phillips aliaga nyumbani, akaenda Montreal kusoma uhandisi wa umeme chuo cha McGill. Hapa kisa kinapinda. Akiwa huko akachezea timu ya Montreal AAA, na mapema mwaka 1903 akawa bingwa wa Kombe la Stanley akiwa na miaka 19. Wenzake aliokua nao walikuwa wamebaki kule ziwani, wakiota kitu hicho hicho.

Kombe la Stanley lilitolewa mwaka 1892 na Gavana Mkuu wa Canada, Lord Stanley wa Preston (ndiyo, Preston ile ile ya Preston North End, mabingwa wa kwanza wa ligi ya England). Halikuwa na ligi moja ya nchi nzima. Lilikwenda kama mkanda wa ngumi: bingwa anakaa nalo, timu ya mbali inaandika barua kuomba pambano, wadhamini wa kombe wakikubali, mpinzani anafunga safari.

Machi 1903 Thistles walifunga safari yao ya kwanza, kwenda Ottawa. Bila Phillips. Ottawa walikuwa ndiyo kwanza wametwaa kombe, wakiitwa Silver Seven, timu iliyocheza vizuri na kupiga vizuri vile vile, nikimaanisha kupiga watu. Madogo wa ziwani wakalala 6-2 na 4-2. Wakarudi kwenye treni.

Phillips naye akahamia Toronto, akaichezea Marlboros, na mwaka 1904 akaenda Ottawa kulitafuta kombe na timu hiyo. Wakafungwa mechi zote mbili.

Kisha akarudi nyumbani. Alishabeba kombe, alishajulikana mjini Montreal na Toronto, angeweza kubaki huko. Ukitaka kujua alikuwa mtu wa aina gani, anzia hapo. Msimu wa 1904-05 alivaa tena jezi ya Thistles, safari hii kama nahodha.

Mabao tisa Ottawa

Machi 1905 wakaenda tena kwa Ottawa. Pambano lilikuwa la mechi tatu, anayeshinda mbili anachukua. Ottawa walikuwa na mshambuliaji wao Frank McGee, jamaa mwenye jicho moja linaloona. Januari mwaka huo huo McGee alifunga mabao 14 katika mechi moja ya kombe dhidi ya Dawson City, Ottawa wakishinda 23-2. Kumi na nne. Peke yake.

Mechi ya kwanza McGee hakucheza. Thistles wakashinda 9-3, Phillips akatupia matano. Mashabiki wa Ottawa hawakuwahi kuona timu inateleza namna ile. Kwa siku chache ikaonekana panya wa ziwani wamemaliza kazi.

Mechi ya pili Ottawa walibadilika. Walipiga, walikamia, na barafu yenyewe siku hiyo ilikuwa nzito. Watu wa Kenora wamesimulia kwa vizazi kwamba wenyeji walimwaga chumvi kuilainisha ili mbio ziishe. Ottawa wana maelezo yao. Sisi tuliozoea kusikia nyasi zimeachwa ndefu makusudi, au uwanja umemwagiwa maji usiku wakati hakuna mvua, tunajua mjadala kama huo hauna mwisho. Matokeo 4-2, Ottawa wameshinda.

Mechi ya tatu ilikwenda bega kwa bega hadi mwisho. McGee alicheza akiwa ameumia mkono, na inasimuliwa alifunga bandeji kwenye mkono mzima ili wapinzani waupige ule. Ndiye aliyefunga bao la ushindi. 5-4. Bao moja tu, kisha treni tena, zaidi ya kilomita elfu moja na mia kadhaa za theluji.

Beki wa kuazima

Bingwa aliyefuata alikuwa Montreal Wanderers, waliowavua Ottawa mwaka 1906. Thistles wakaomba pambano, likasogezwa hadi Januari 1907. Mechi mbili, zote Montreal, mabao yanajumlishwa kama tulivyozoea kwenye mashindano ya Afrika, ila hapa hakuna nyumbani kwako.

Kutoka Kenora hadi Montreal kwa reli ni zaidi ya kilomita 2,000. Reli yetu ya Kati, kutoka Dar hadi Kigoma, ni kilomita 1,254. Piga hesabu mwenyewe uchovu.

Na hapa ndipo kisa cha watoto wa mji mmoja kinapoingia doa, na silifichi. Katika safari hiyo Thistles walimwazima beki wa Brandon, timu waliyokuwa wanagombania nayo ubingwa wa ligi yao wenyewe. Jina lake Art Ross, kijana tu wakati huo. Malipo yanayotajwa ni dola 1,000 kwa mechi mbili, pesa ambayo mfanyakazi wa kinu cha mbao hakuiona kwa mwaka mzima. Kwa lugha yetu ya ndondo, walikodi. Ross hakufunga, ila alicheza vizuri. Baadaye alikuja kuwa kocha na meneja wa Boston Bruins, na mpaka leo tuzo ya anayekusanya pointi nyingi zaidi kwenye ligi kubwa ya NHL ina jina lake.

Je, hiyo inafuta ushindi? Mimi nasema hapana, kwa sababu waliobaki walikuwa wale wale: Hooper, Griffis, McGimsie, Roxy Beaudro mzururaji, Eddie Giroux golini, na nahodha. Wanderers wenyewe nao walikuwa wanalipa wachezaji, tena hadharani. Lakini anayesema doa ni doa, simbishii.

Januari 17, mechi ya kwanza. Wanderers walikuwa na beki wao Hod Stuart, ambaye wengi walimwona bora kuliko mabeki wote wa enzi ile. Thistles wakashinda 4-2. Mabao yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Phillips.

Januari 21, marudiano. Wanderers walikuwa wanahitaji mabao matatu zaidi kuliko wageni, na waliamka. Walirudi mchezoni, wakasawazisha hesabu, ukumbi ukawa hausikiki. Kwenye dakika za mwisho, timu iliyoishiwa pumzi ikawa ya wenyeji. Thistles wakateleza mara mbili za mwisho, 8-6. Jumla 12-8.

Kule ziwani habari zilifika kwa telegrafu, bao baada ya bao. Mji ambao miaka miwili nyuma ulikuwa unaitwa panya ulikuwa na kombe la nchi nzima. Phillips alikuwa na miaka 23.

Rufaa, mamluki na ziwa

Walikaa nalo miezi miwili. Hakuna bingwa aliyewahi kukaa nalo muda mfupi kuliko huo.

Tatizo lilikuwa majeruhi, na bega la McGimsie liliumia kiasi kwamba ndiyo ikawa mwisho wake wa kucheza. Thistles wakaenda tena sokoni. Safari hii walileta watu wawili wa Ottawa, Alf Smith na Harry Westwick, yaani wale wale waliowatoa machozi mwaka 1905. Walikuja kuongeza nguvu mwishoni mwa msimu. Wakamaliza kwanza shughuli ya ligi yao kwa kuwafunga Brandon, kisha wakawa wanawasubiri Wanderers waje kwa marudiano.

Wanderers wakaweka pingamizi. Mdhamini wa kombe, William Foran, akatoa uamuzi kwamba Smith na Westwick ni mamluki, hawaruhusiwi. Kenora wakakataa. Klabu mbili zikakaa zenyewe, zikaelewana kucheza bila kumsikiliza mdhamini, Foran akataka kombe lirudishwe kwake. Kuna hadithi maarufu kwamba kiongozi mmoja wa Kenora alitishia kwenda kulitupa kombe katikati ya Lake of the Woods kuliko kulitoa. Halikutupwa. Ila nikifikiria vikao vya kamati zetu vinavyoisha saa nane usiku, naamini yule bwana alimaanisha.

Mechi zikachezwa Winnipeg, Machi 23 na 25, si Kenora. Ukumbi wa Kenora ulikuwa mdogo na Winnipeg kulikuwa na mapato ya getini. Kwa hiyo watu wa Kenora hawakuwahi kuona timu yao inatetea kombe lao kwenye barafu yao. Hilo linaniuma kuliko kufungwa kwenyewe.

Mechi ya kwanza Wanderers 7-2. Ya pili Thistles wakashinda 6-5, haikusaidia. Jumla 12-8, hesabu ile ile ya Januari, imegeuzwa tu. Kombe likapanda treni ya mashariki.

Pesa

Baada ya hapo timu iliyeyuka. Mchezo ulikuwa umeingia kwenye malipo rasmi, na mji wa watu 4,000 hauwezi kushindana na getini la Montreal au Ottawa. Kuna watu wanaotaka Phillips angebaki, kwa kuwa alishawahi kurudi mara moja. Hakubaki. Ottawa walimwita, mshahara unaotajwa ni dola 1,500 kwa msimu, akaenda. Msimu wa 1907-08 akafunga mabao 26 katika mechi 10. Kenora, walioanza msimu huo bila nyota wao, walijitoa kwenye ligi. Kutoka bingwa wa Canada hadi kutokuwa na timu, chini ya mwaka mmoja.

Sitamlaumu. Mchezaji ana miaka kumi ya mwili wake, akimaliza hiyo hakuna shabiki atakayemlipia kodi ya nyumba. Ila sijui alijisikiaje Desemba 1908, alipokwenda Montreal kucheza na Wanderers kwa mara nyingine, safari hii akiwa na jezi ya Edmonton. Timu ile karibu yote ilikuwa ya kukodi, imekusanywa kutoka huku na huku kwa ajili ya kombe. Walikuwamo Lester Patrick na Didier Pitre, majina makubwa. Hakukuwa na madogo wa shule moja hapo. Phillips alivunjika kifundo cha mguu mechi ya kwanza, Edmonton wakafungwa 7-3. Mechi ya pili walishinda 7-6 yeye akiwa nje. Hawakupata kombe.

Akaenda Nelson, kule British Columbia, akacheza na ndugu wa familia ya Patrick. Akapumzika. Ndugu hao walipoanzisha ligi ya pwani ya magharibi, akarudi msimu wa 1911-12 na Vancouver Millionaires. Alikuwa si yule wa Montreal tena, lakini alifunga mabao 17. Kisha akatundika viatu vyake vya chuma na kuingia kwenye biashara ya mbao, kazi ya watu wa kwao.

Jino

Wengi wa kizazi kile walikufa vifo vya kishujaa au vya ghafla. Hod Stuart, yule beki wa Wanderers, alijirusha kwenye maji ya kina kifupi Juni 1907, miezi michache tu baada ya kuchuana na Phillips, akagonga mwamba. McGee mwenye jicho moja alijiunga na jeshi, na Septemba 1916 akauawa Somme, Ufaransa.

Phillips aliuawa na jino. Lilikuwa na usaha, likang’olewa, sumu ikaingia kwenye damu. Alifariki Toronto, Novemba 30, 1923, akiwa na miaka 40. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, miaka mitano baadaye. Mtu aliyepita katikati ya magongo ya Ottawa bila kuogopa, aliondoka kwa kitu ambacho leo unakwenda zahanati asubuhi, unapewa dawa, jioni unarudi kuangalia mechi.

Mwaka 1945 Canada ilipochagua mashujaa wa kwanza kabisa wa mchezo huo, walitajwa wachezaji tisa. Phillips alikuwamo. McGee alikuwamo. Hod Stuart alikuwamo. Miaka iliyofuata wakaitwa na wenzake watatu wa ile timu ya watoto, Hooper, Griffis na McGimsie.

Kenora ipo, kando ya ziwa lile lile. Haijawahi kuwa na timu ya ligi kubwa tena. Barafu ikiganda, madogo wa mji wanaingia uwanjani na jezi, na timu zao za vijana bado zinaitwa Thistles.